Ya ukoo au ya jikoni? Lishe, jeni na kinga ya saratani

Msibani, pindi inapotajwa kwamba marehemu aliugua saratani, mazungumzo ya waliokaa kwenye mkeka huchukua moja ya njia mbili. Wapo wanaoanza kuhesabu: shangazi yake naye aliondoka kwa ugonjwa huohuo, na mama mkubwa kabla ya hapo, kwa hiyo ni ya ukoo na hapakuwa na la kufanya. Wapo wanaolaumu chipsi, soda na kuku wa kisasa, wakikumbusha kwamba wazee waliokula mtama na mlenda hawakuyajua maradhi haya. (Wazee wengi walifariki kwa malaria, kifua kikuu au uzazi kabla ya kufikia umri ambao saratani hujitokeza, lakini hilo halisemwi sana msibani.) Kila upande una ushahidi wake, na ushahidi huo si wa kubeza. Kosa lao ni moja: wote huchukulia jeni na chakula kama watuhumiwa wawili wanaogombea kesi moja, ilhali mara nyingi mmoja hawezi kutenda bila mwenzake. Tukishakubali hivyo, swali linalobaki ni la vitendo zaidi: je, kuzijua jeni za mtu kunabadilisha yale tunayopaswa kumwambia kuhusu chakula chake?

Tuwasikilize kwanza wa upande wa ukoo. Saratani zinazotokana moja kwa moja na jeni yenye kasoro iliyorithiwa kwa mzazi hukadiriwa kuwa kati ya asilimia 5 na 10 ya saratani zote. Ni sehemu ndogo, ingawa kwa familia iliyomo ndani ya sehemu hiyo takwimu ya dunia haina faraja yoyote. Lakini urithi una kina kuliko hizo kasoro chache zinazojulikana kwa majina. Utafiti wa mapacha wa Sweden, Denmark na Finland, uliochapishwa mwaka 2000 na kuhusisha jozi 44,788, ulilinganisha mapacha wanaofanana kabisa na wale wasiofanana, ukakadiria kwamba urithi unaeleza takriban asilimia 42 ya tofauti za hatari ya saratani ya tezi dume, asilimia 35 kwa utumbo mpana na asilimia 27 kwa matiti. Namba hizi husomwa vibaya mara nyingi. Zinapima tofauti kati ya watu wanaoishi katika mazingira yanayokaribiana. Katika kijiji ambacho kila nyumba inakula chakula kilekile, karibu tofauti zote zitaonekana kuwa za urithi, hata kama chakula hicho ndicho kinachowaua wote.

Ndiyo maana hoja ya jikoni hupata nguvu pale watu wanapohama. Wajapani waliohamia Hawaii walitoka nchi ambako saratani ya tumbo ilikuwa imekithiri na ile ya utumbo mpana ilikuwa adimu, na ndani ya kizazi kimoja au viwili mpangilio huo ukageuka: ya tumbo ikashuka, ya utumbo mpana ikapanda hadi kuwafikia wenyeji wao Wamarekani. Jeni hazibadiliki kwa kuvuka bahari. Mwaka 1981 wataalamu wawili wa Uingereza, Richard Doll na Richard Peto, walikadiria kwamba lishe ingeweza kuhusishwa na asilimia 35 ya vifo vya saratani nchini Marekani, namba ambayo imenukuliwa tangu wakati huo kana kwamba ilichongwa kwenye jiwe. Wenyewe waliandika kwamba kiwango cha kweli kinaweza kuwa popote kati ya asilimia 10 na 70. Makadirio yenye upana huo yanafaa kuanzisha utafiti, hayafai kubandikwa ukutani kama tangazo.

Mfano unaoonyesha kwamba hata jeni kali haifanyi kazi peke yake ni ule wa BRCA1 na BRCA2, jeni ambazo zikiwa na kasoro humwongezea mwanamke hatari ya saratani ya matiti na ya ovari kwa kiasi kikubwa. Mary-Claire King na wenzake walichapisha mwaka 2003 utafiti kuhusu familia za Kiyahudi za New York zenye kasoro hizo. Miongoni mwa wanawake waliozaliwa kabla ya mwaka 1940, asilimia 24 walikuwa wamepata saratani ya matiti walipofika umri wa miaka 50. Kwa waliozaliwa baada ya 1940, ilikuwa asilimia 67. Kasoro ni ileile, imeshuka kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu, lakini mjukuu anaugua mapema zaidi. Walioufanya utafiti huo waligundua pia kwamba mazoezi ya mwili na kutokuwa mnene wakati wa ujana vilihusiana na kuchelewa kwa ugonjwa. Hata hivyo, mtu anayetaka kutumia namba hizi kuthibitisha kwamba chakula ndicho kilichobadilika atakuwa ameruka hatua kadhaa, kwa kuwa kati ya bibi na mjukuu yalibadilika pia umri wa kuvunja ungo, idadi ya watoto, muda wa kunyonyesha na uwezo wa hospitali kuugundua ugonjwa.

Kisa ambacho sayansi imekifuatilia hatua kwa hatua, kutoka sahanini hadi ndani ya jeni, kiko karibu nasi zaidi kuliko New York. Ni kisa cha sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu wa jamii ya Aspergillus kwenye mahindi na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu. Kwa dozi kubwa sumu hii huua kwa siku chache: mwaka 2004 watu 317 waliugua mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, na 125 kati yao walifariki, mwaka 2016 ikawa zamu ya vijiji vya Dodoma na Manyara nchini Tanzania. Kwa dozi ndogo ya kila siku, ambayo haina ladha, haina homa wala tumbo la kuuma, hufanya kazi yake kwa miaka mingi. Ugali ukiiva hauiondoi, kwa sababu inahimili joto la sufuria.

Ndani ya ini, sumukuvu B1 hukutana na vimeng'enya ambavyo mwili hutumia kusafisha vitu vigeni. Kundi moja la vimeng'enya hivyo, badala ya kuizima, huigeuza kuwa kemikali kali zaidi inayonasa kwenye vinasaba (DNA). Kundi jingine huiwahi kemikali hiyo, huifunga na kuitoa kwa njia ya nyongo na mkojo. Nguvu ya makundi haya hutofautiana kutoka mtu hadi mtu kwa sababu ya urithi, na hapo ndipo jeni inapoingia kwa mara ya kwanza. Inaingia mara ya pili pale kemikali iliyoponyoka inapoharibu jeni iitwayo TP53, ambayo kazi yake ni kuizuia seli iliyoharibika isiendelee kugawanyika. Mwaka 1991 watafiti waliochunguza uvimbe wa saratani ya ini kutoka Qidong nchini China, na wengine waliochunguza uvimbe kutoka kusini mwa Afrika, walikuta jambo lilelile: herufi moja ya jeni hiyo, kwenye kodoni ya 249 (kodoni ni kundi la herufi tatu za DNA), ilikuwa imegeuka kutoka G kuwa T. Sumu ilikuwa imeacha alama ya kidole chake. Jeni hii haikurithiwa ikiwa na kasoro. Iliharibiwa na chakula, ndani ya mwili wa mtu ambaye wazazi wake walimpa iliyo nzima.

Anakuja tena mshiriki wa tatu, virusi vya homa ya ini aina ya B. Utafiti uliowafuatilia wanaume 18,244 wa Shanghai ulikuta kwamba aliyekuwa na dalili za sumukuvu mwilini bila virusi alikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 3.4 ya mtu asiye na vyote viwili. Aliyekuwa na virusi peke yake, mara 7.3; aliyekuwa navyo vyote, mara 59.4. Wagonjwa waliotumika katika hesabu hiyo hawakuwa wengi, wapatao 50, kwa hiyo hiyo 59 isishikwe kama kipimo cha dukani. Hata ukiipunguza nusu, bado ni kubwa mno kuliko jumla ya 3 na 7. Virusi hulichosha ini kwa uvimbe usiokwisha, seli zinalazimika kugawanyika kuziba mapengo, na seli iliyoharibiwa TP53 yake inapata nafasi ya kuzaana ambayo katika ini lililotulia isingeipata.

Kinachonivutia katika kisa hiki ni jinsi kilivyomalizwa kule kilikochunguzwa. Wakazi wa Qidong walikuwa wakila mahindi. Sera za nafaka zilipolegezwa katika miaka ya 1980 waliachana nayo wakahamia mchele, ambao hauathiriwi na ukungu huo kwa kiwango kile. Vifo vya saratani ya ini kwa watu walio chini ya miaka 35 vilipungua kwa zaidi ya nusu, na hawa walikuwa watu waliozaliwa kabla ya chanjo ya homa ya ini B kuanza kutolewa kwa watoto wote wachanga. Hakuna aliyepimwa jeni ili aambiwe ale mchele. Maarifa ya jeni yalieleza kwa nini watu walikuwa wakifa, lakini kinga ilipita kwenye gunia.

Je, basi maarifa ya jeni hayana kazi mezani? Wanaotetea lishe inayomfuata mtu mmoja mmoja wana mifano yao, na baadhi ni mizuri. Mboga za jamii ya kabichi, ambazo kwetu ni pamoja na sukuma wiki na chainizi, zina kemikali zinazodhaniwa kukinga mwili. Mwili huzitoa kemikali hizo kwa kutumia vimeng'enya viitwavyo GST, na wapo watu wengi ambao wamezaliwa bila jeni za baadhi ya vimeng'enya hivyo. Utafiti uliofanywa Ulaya ya kati na mashariki, ukachapishwa mwaka 2005, uliona kwamba waliokula mboga hizi kila wiki na wakakosa jeni mbili za GST walikuwa na hatari ya saratani ya mapafu iliyo chini kwa asilimia 72 kuliko wenzao waliozila kwa nadra, huku waliokuwa na jeni zote mbili wakikosa kinga inayoonekana. Maana yake ni kwamba kasoro, kwa maana ya kukosa jeni, inaweza kuwa faida mbele ya sahani fulani, kwa kuwa kemikali nzuri inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Mfano mwingine ni wa Asia Mashariki, ambako watu wengi wana aina ya jeni ya ALDH2 inayowafanya wawe wekundu usoni kwa glasi moja ya pombe. Wanaoendelea kunywa licha ya onyo hilo la uso wao hupata saratani ya umio kwa wingi zaidi. Hapo ushauri unaomfuata mtu una maana kamili, ingawa hata hapo hahitaji maabara, anahitaji kioo.

Lakini turudi kwenye mboga. Je, mtu mwenye jeni zote mbili za GST aambiwe aache sukuma wiki? Hakuna daktari mwenye akili timamu atakayesema hivyo, kwa sababu mboga ina nyuzinyuzi, foleti na mambo mengine kadhaa yasiyohusiana na GST. Matokeo ya kipimo cha jeni yanaweza kuwa ya kweli kabisa, na bado yasibadilishe chochote kinachopaswa kuwa sahanini. Huu ndio udhaifu mkubwa wa vipimo vinavyouzwa kwenye intaneti, ambavyo mtu hutema mate kwenye kichupa, hulipa fedha nyingi, kisha hupokea orodha ya vyakula "vyake". Zaidi ya robo tatu ya watu ambao jeni zao zimetumika katika tafiti kubwa za uhusiano wa jeni na magonjwa wana asili ya Ulaya, wakati Waafrika, ambao ndio wenye tofauti nyingi zaidi za kijeni duniani, ni asilimia chache sana. Mtu wa Songea au Kisumu anayelipia ripoti ya namna hiyo anasomewa mkono kwa kitabu cha watu wengine.

Kuna pia historia ya vidonge, ambayo inapaswa kumnyima usingizi kila anayetaka kuchomoa kemikali moja kutoka kwenye chakula na kuiuza kama kinga. Nchini Finland wanaume 29,133 waliovuta sigara waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakapewa betakarotini, rangi ile ya karoti na maembe, kwa kuwa tafiti za awali zilionyesha kwamba wanaokula matunda na mboga zenye rangi hiyo hupata saratani ya mapafu kwa nadra. Matokeo yalipotolewa mwaka 1994, waliopewa vidonge walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Jaribio kama hilo nchini Marekani lilisimamishwa mwaka 1996 kwa sababu hiyohiyo. Embe halijawahi kumdhuru mvutaji sigara kwa namna hiyo.

Ushahidi ulio imara zaidi unatoka pale watafiti walipobadilisha chakula kizima. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya jaribio ambalo Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na watu 20 wa vijijini KwaZulu-Natal walibadilishana vyakula kwa wiki 2: Wamarekani wakapewa ugali, maharage na mboga, nyuzinyuzi zao zikipanda kutoka gramu 14 hadi 55 kwa siku, na Waafrika wakapewa baga, soseji na chipsi. Kwa wiki hizo chache, ukuta wa utumbo mpana wa Wamarekani ulionyesha uvimbe mdogo zaidi na seli zilizogawanyika polepole zaidi, huku wa Waafrika ukielekea upande wa pili. Wengi walilichukulia jaribio hili kama uthibitisho kwamba jeni hazina neno, kwa kuwa "wote ni weusi". Mimi sikubaliani na usomaji huo. Asili ya Wamarekani weusi ni hasa Afrika Magharibi, ikiwa imechanganyika na Ulaya, na rangi ya ngozi haimfanyi mtu kuwa na jeni za Mzulu. Tena kilichopimwa ni dalili, haikuwa saratani yenyewe, ambayo huchukua miaka. Jaribio lilionyesha kwamba utumbo husikia chakula haraka sana, na hilo peke yake ni jambo kubwa.

Jaribio ninaloliona kuwa zuri kuliko yote katika mjadala huu lilifanywa kwa watu waliorithi kasoro iitwayo sindromu ya Lynch, ambayo humwongezea mtu hatari ya saratani ya utumbo mpana, mfuko wa uzazi, tumbo na viungo vingine. Washiriki 463 walipewa gramu 30 kwa siku za wanga usiomeng'enywa, ule unaopatikana kwa wingi katika ndizi ambayo haijaiva vizuri, na 455 wakapewa wanga wa kawaida, kwa wastani wa miaka 2 hivi. Kisha wakafuatiliwa kwa miaka 10 na zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yaliwashangaza wote waliodhani wanajua. Katika utumbo mpana, ambako wanga huo ulitarajiwa kusaidia, hapakuwa na tofauti: watu 52 waliugua upande mmoja, 53 upande wa pili. Lakini saratani nyingine za sindromu hiyo ziliwapata watu 27 kati ya waliokula wanga huo, dhidi ya 48 wa upande mwingine, na upungufu ulionekana zaidi katika viungo vya juu vya mmeng'enyo, kama tumbo na kongosho. Hapa chakula kimeonekana kupunguza makali ya jeni iliyorithiwa, ambalo ndilo jambo ambalo wa upande wa ukoo husema haliwezekani. Na hakikusaidia pale wa upande wa jikoni walipoahidi. Sijui mkulima wa Bukoba atakayeyasoma haya bila kuitazama migomba yake kwa jicho jipya, ila asifanye haraka: ndizi mbichi ikichemshwa hupoteza sehemu kubwa ya wanga huo, na hurudishiwa kiasi tu inapopoa.

Kwa hiyo upande wa ukoo una dai moja ambalo sioni namna ya kulipinga. Familia ambayo watu wawili au watatu wameugua saratani ya utumbo mpana au ya matiti kabla ya miaka 50 inastahili kuchunguzwa jeni, kwa sababu jibu litabadilisha mambo mengi: uchunguzi wa mapema, upasuaji, dawa, na pengine chakula pia. Kuiambia familia kama hiyo ipunguze soda tu ni kuikosea. Kwa wengine wote, sioni kipimo cha jeni ambacho leo kingebadilisha ushauri wa chakula kwa namna yenye faida inayoonekana. Soseji na nyama nyingine za kusindikwa ziliwekwa mwaka 2015 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na kila gramu 50 kwa siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Vinywaji vya moto wa zaidi ya nyuzijoto 65 vilifuata mwaka 2016, katika kundi la chini yake la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani, kwa kuhusishwa na saratani ya umio, ugonjwa unaoisumbua sana Afrika Mashariki. Chai iachwe ipoe kidogo kwa watu wote, wawe na jeni gani.

Kuna kipimo kimoja, hata hivyo, ambacho kwa mtu wa huku kwetu kinapaswa kubadilisha chakula chake, na hakihusu jeni. Ni kipimo cha homa ya ini B. Wataalamu wa lishe wamekuwa wakihimiza ugali wa dona badala ya sembe, na wana haki, kwa kuwa dona lina nyuzinyuzi na virutubisho ambavyo kinu cha kukoboa huvitupa. Lakini sumukuvu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini cha punje, yaani sehemu zilezile zinazoondolewa kwa kukoboa, hivyo ushauri unaokinga utumbo mpana unaweza kulitwisha ini mzigo, hasa pale unga wa lishe unaposagwa kwa karanga zilizosinyaa ambazo zisingeuzika zikiwa nzima. Mtu asiye na virusi, anayenunua mahindi makavu yaliyoanikwa juu ya turubai na kuwekwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ale dona lake bila wasiwasi. Mwenye virusi, ambaye gunia lake limelala chini sakafuni tangu msimu uliopita, ningemshauri achague punje zilizobadilika rangi azitupe, hata kuku asiwape, na yaliyobaki ayakoboe kabla ya kuyasaga.